Ng'ombe Tulimwokoa, Mtoto Tukamwacha

Baridi ya Sachangwan haina huruma. Asubuhi inauma vidole, inauma masikio, na ng'ombe wanatoa mvuke puani. Lakini maziwa hayangoji jua. Linah huamka, huwasha moto, huosha kiwele cha ng'ombe wake kwa maji ya uvuguvugu, kisha hukamua huku akiimba polepole. Ukimkamua ng'ombe kwa hasira, anaficha maziwa. Jambo hilo kila mtu wa Kamaget analijua.

Kamaget ni kijiji cha wakulima wa viazi na maziwa hapo Sachangwan, juu kidogo ya barabara kuu. Linah ni mjane wa hapo. Watu humwita Mama Kipsang, kwa jina la mwanawe anayefanya kazi Nakuru mjini. Mumewe alipofariki, shamba liligawanywa, na Linah akabaki na kipande kidogo. Nyasi hazikutosha ng'ombe wawili.

Basi akafanya kama watu wa kwao wanavyofanya tangu zamani. Alimpeleka ng'ombe mmoja akafugwe kwa mtu mwingine. Anayefuga hupata maziwa. Ndama wanabaki kuwa wa mwenye ng'ombe. Hakuna kuandikiana. Watu wanaaminiana tu.

Ng'ombe huyo aliitwa Cheptuiya, jina la weusi kwa lugha ya kwao, kwa sababu alikuwa mweusi tititi. Mtu aliyepewa aliitwa Kimeli. Alikuwa wa rika moja na marehemu mume wa Linah. Walitahiriwa pamoja. Mtu wa namna hiyo unamwamini bila kuuliza maswali. Ukimkataa, wewe ndiye utaulizwa una shida gani.

Asubuhi moja Linah alikuwa kituo cha maziwa, mkebe wake miguuni, akingoja zamu. Jirani yake Sue akamvuta kando.

"Mama Kipsang, umeenda kwa Kimeli siku hizi?"

"Sijaenda tangu mvua ianze. Kwani kuna nini?"

"Enda uone ng'ombe yako. Mimi sisemi kitu. Enda tu ujionee."

Linah aliacha mkebe kwa Sue akaenda moja kwa moja. Hata kanga ya kichwani ilianguka njiani, akaiokota bila kusimama.

Alimkuta Cheptuiya nyuma ya zizi, ameinamisha kichwa. Mkia ulikuwa umepinda kama kiwiko. Mtu ameushika akausokota mpaka mfupa ukavunjika. Ubavuni kulikuwa na mistari ya fimbo. Jicho moja lilikuwa limevimba. Linah aliponyoosha mkono kumgusa, ng'ombe alirudi nyuma akitetemeka.

"Woi! Cheptuiya! Ni mimi!"

Kimeli akatoka nyumbani akifunga mshipi. Hakuona hata haya.

"Karibu, Mama Kipsang. Usishtuke. Huyo ana kichwa ngumu. Alipiga teke ndoo ya maziwa, nikamwonyesha mimi ni nani."

"Umemwonyesha wewe ni nani? Wewe ni nani, Kimeli? Ng'ombe anakulisha wewe na nyumba yako, halafu unamvunja mkia?"

Linah alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Mzee wa kijiji akaitwa. Viti vikaletwa uani, wazee wakakaa, na Kimeli akawekwa katikati. Siku hiyo aliambiwa ukweli jamani! Mzee mmoja alimwita mtu bure. Mwingine alisema mtu anayepiga ng'ombe hivyo hafai kupewa hata kuku. Mzee wa kijiji alipiga bakora yake chini akasema, "Mnyama hana mdomo. Asiye na mdomo hatutakubali aonewe hapa Kamaget!" Watu wakaitikia, "Kweli kabisa!"

Katikati ya hasira hiyo yote, msichana mmoja alikuwa akizunguka na chai.

Jina lake ni Cheruto. Alikuwa darasa la nne. Hakuwa mtoto wa Kimeli. Alikuwa mtoto wa dadake Kimeli, anayeitwa Chesang, ambaye anakata maua katika shamba moja kule Naivasha na kuishi Kamere, chumba kimoja na wanawake wengine. Chesang alimwacha mtoto kwa anko wake asome huku kwa hewa safi. Watoto wa Kimeli mwenyewe walikuwa shule ya bweni. Kwa hiyo kuchota maji, kukata nyasi na kulisha Cheptuiya, zote zilikuwa kazi za Cheruto.

Siku hiyo alivaa sweta kubwa ya mtu mzima. Mkono wa kulia ulikuwa umepotelea ndani ya sweta. Chai alikuwa anapeana kwa mkono wa kushoto.

Alipofika kwa Linah, Linah alikuwa bado anachemka. Akamkaripia.

"Wewe msichana, hukufunzwa adabu? Mkono wa kushoto unampa nani? Wageni wote hawa!"

"Pole, mama," Cheruto akasema, akiangalia chini.

"Watoto wa siku hizi," mzee wa kijiji akasema, na watu wakatikisa vichwa. Sally, mke wa Kimeli, akaangalia pembeni. 

Uamuzi ulikuwa rahisi. Linah amchukue ng'ombe wake siku hiyo hiyo. Alipomfunga Cheptuiya kamba na kufika langoni, Cheruto alikuja mbio akashika kamba ile kwa mkono mmoja.

"Mama, usiende na yeye. Tafadhali, mwache."

"Pole, binti yangu. Najua mmezoeana. Lakini hapa anaumizwa, huoni?"

"Na mimi je?"

"Wewe sasa utapata nafasi ya kusoma," Linah akamwambia. Akamshika kidevu, akaondoka na ng'ombe.

Hebu lisikie jambo hilo vizuri. Mtoto aliuliza kwa mdomo wake mwenyewe. Mtu mzima akamjibu habari ya vitabu. Na njiani watu walimpongeza Linah! Walimwambia, "Umefanya vizuri sana, Mama Kipsang. Umeokoa kiumbe cha Mungu."

Alasiri alikuja daktari wa mifugo wa wadi, Wangechi. Ni mwanamke mrefu, anaendesha pikipiki amevaa gambuti, na sauti yake husikika boma tatu mbele. Alipomwona Cheptuiya, sauti ile ikapotea. Alimpapasa polepole kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Hili ni jeraha la juzi," akasema. "Hili limeanza kupona. Hili ni la zamani, limeshaacha kovu. Na hapa amechomwa. Mama Kipsang, huyu mtu hakukasirika siku moja tu. Hii ni tabia yake."

"Si tulimwambia! Wazee wote walimkaripia mpaka akakosa pa kuweka uso."

Wangechi alidunga sindano ya maumivu, akaosha vidonda, akaandika kitu kwenye simu yake. Kisha akauliza, "Boma hiyo anaishi nani?"

"Kimeli na mke wake. Watoto wako bweni. Kuna mtoto wa dadake tu."

"Huyo mtoto ako aje?"

"Ako sawa. Si ndiye alitupatia chai?"

"Ulimwangalia kama ulivyomwangalia ng'ombe?"

Swali hilo lilimkasirisha Linah. Alikuwa amechoka, na alikuwa amesifiwa mchana kutwa.

"Daktari, wewe tibu ng'ombe. Mambo ya mtoto wa mtu ni ya mwenyewe."

Wangechi alifunga mkoba wake. Hakuonekana kukasirika, lakini hakutabasamu pia. "Kesho ni chanjo pale kituo cha maziwa. Nitakuja na Nakhumicha, afisa wa watoto. Nampigia simu sasa hivi. Wewe usikose."

"Afisa wa watoto na chanjo ya ng'ombe ni wapi na wapi?"

"Njoo utaona."

Kesho yake watu walijaa kituoni. Ng'ombe walipomaliza kudungwa, Wangechi aliwaambia watu wasiondoke. Alichukua fimbo akachora ardhini. Akachora barabara kuu, mto, shule na kanisa. Kisha akachora duara nne na kuziita kwa majina: Bondeni, Kona ya Pareto, Daraja na Kamaget.

"Hivi ni vijiji vyetu," akasema. "Sasa angalieni. Hapa nina mahindi. Kila punje ni mnyama niliyemtibu mwaka uliopita kwa sababu aliumizwa na mkono wa mtu. Magonjwa sijahesabu. Aliyeanguka mtaroni sijamhesabu. Nimehesabu kipigo, moto, na kunyimwa chakula kwa makusudi."

Akamwaga mahindi, kijiji kwa kijiji. Bondeni yalikuwa mengi. Daraja na Kona ya Pareto yalikuwa machache. Kamaget yalikuwa mengi kushinda kote. Watu wakaguna.

Kisha Nakhumicha akasogea. Ni mwanamke mfupi na mpole wa kuzungumza, lakini macho yake hayachezi. Alikuwa na maharagwe kwenye kikombe.

"Haragwe moja ni ripoti moja ya mtoto aliyeumizwa ama kutelekezwa," akasema. "Hakuna jina la mtu hapa, wala boma. Ni idadi tu. Daktari hupeleka idadi yake kwa serikali kila mwezi, na mimi napeleka yangu. Hesabu hizi si siri. Ni zenu. Mwananchi ana haki ya kuuliza na kujibiwa."

"Sasa shida iko wapi?" akauliza Ndegwa, mkulima wa viazi kutoka Daraja.

Wangechi ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa imerudi. "Shida ni kwamba yangu inakaa kwenye ofisi yangu, na yake inakaa kwenye ofisi yake! Miaka yote hii! Mimi natibu punda Bondeni, naandika, naenda. Wiki mbili baadaye yeye anakuja kumtoa mtoto boma ile ile, anaandika, anaenda. Hatukuwahi kuulizana. Siku tuliyokaa meza moja na kuziweka pamoja, nililia. Nawaambia ukweli, nililia kwa hasira."

Nakhumicha alianza kuweka maharagwe. Bondeni yalianguka mengi, yakachanganyika na mahindi. Daraja yalikuwa machache. Kona ya Pareto pia machache. Alipofika Kamaget, alisimama. Akageuza kikombe. Hakikutoka kitu.

Mzee wa kijiji akainuka, uso umejaa furaha.

"Mnaona! Andikeni hiyo! Kwetu hakuna mtoto anayeguswa. Kamaget ni watu wa Mungu!"

Watu wa Kamaget wakapiga makofi. Linah pia alipiga.

Nakhumicha alingoja makofi yaishe. "Mzee, tazama tena. Kule kwingine kote, mahindi yakiwa mengi, maharagwe ni mengi. Yakiwa machache, ni machache. Hapa kwenu mahindi yamejaa, na hakuna haragwe hata moja. Unaniambia mikono inayovunja mkia wa ng'ombe ikiingia nyumbani inakuwa laini?"

"Sasa unasema nini?"

"Nasema hivi: kikombe kitupu hakiniambii kwamba watoto wako sawa. Kinaniambia kwamba hakuna mtu wa Kamaget aliyewahi kuniletea habari."

 Ndegwa akainua mkono.

"Madam, usituonee. Mimi nimewahi kumchapa ng'ombe akiingia kwa viazi. Hiyo ina maana nachapa watoto?"

"Hapana," Nakhumicha akasema. "Sisemi kila anayepiga mnyama anapiga mtoto. Na kuna watu wanabembeleza mbwa huku wanaua watoto kwa kipigo. Hesabu haimhukumu mtu. Hesabu inatuonyesha mlango wa kubisha. Ukiona mnyama anaumizwa tena na tena, usimalizie kwa mnyama. Uliza nani mwingine anaishi hapo. Mtoto, mke, mzee. Waangalie kwa macho. Mtoto anayeogopa mtu fulani. Mtoto anayevaa nguo nzito juani. Mtoto anayeficha sehemu ya mwili. Mtoto aliyeacha kutumia mkono."

Linah akakumbuka. Mkono wa kushoto. Sweta kubwa. Alimwona Cheruto mbele yake na kikombe cha chai, na akasikia sauti yake mwenyewe ikimkaripia mtoto yule. Hukufunzwa adabu?

Alisimama. 

"Kuna mtoto kwa Kimeli," akasema. "Anaitwa Cheruto. Jana alitupatia chai kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia haufanyi kazi. Tulikuwa watu wazima wengi pale. Hakuna aliyeuliza. Mimi nilimkemea."

"Mama Kipsang, keti chini," mzee wa kijiji akasema haraka. "Hayo ni mambo ya nyumbani. Jioni tutakaa na Kimeli, tutaongea naye kama wazee."

Hapo ndipo Linah alipolipuka. Watu wa Kamaget bado wanazungumza juu ya siku hiyo.

"Mtaongea naye? Jana hamkuongea naye? Kwa ng'ombe mlipiga bakora chini! Kwa ng'ombe mlisema asiye na mdomo asionewe! Huyu mtoto ana mdomo, mzee! Aliniuliza, 'Na mimi je?' Aliniuliza mimi, pale kwa lango la Kimeli! Nikamtoa ng'ombe, nikamwacha mtoto na mtu yule yule! Ng'ombe tulimwondoa siku hiyo hiyo. Mtoto mnataka angoje mpaka jioni, muongee?"

"Kimeli ni wa rika la marehemu mume wako," mzee akasema. "Fikiria hilo."

"Nimefikiria! Mume wangu angekuwa hai, angeona haya!"

Vijana wawili waliokuwa nyuma wakaanza kuokota mawe. "Twende sasa hivi. Huyo tunamfunza."

Nakhumicha akasimama mbele yao. "Wekeni chini. Mkienda na kelele, atamficha mtoto, ama atammalizia hasira. Na nyinyi mtaingia jela, yeye aende nyumbani. Hasira yenu naielewa, hata mimi ninayo. Lakini tunaitumia vizuri." Alikuwa tayari ameshika simu. Alimpigia chifu, kisha kituo cha polisi, akaomba afisa wa dawati la jinsia na watoto. Halafu akamgeukia Linah.

"Wewe utakuja na sisi. Anakujua. Lakini usimuulize maswali mengi, na usimwahidi kitu ambacho huwezi kutimiza."

Walienda watu wachache tu. Kimeli alikuwa shambani. Sally alifungua mlango, akaona sare ya polisi, akaanza kusema kabla hajaulizwa.

"Alianguka. Mtoto alianguka kutoka kwa mti."

"Lini?" afisa wa polisi akauliza.

 Sally akakaa chini mlangoni, akafunika uso kwa leso. "Mimi pia ananipiga," akasema. "Ningesema wapi?"

Cheruto alikuwa jikoni, anamenya viazi kwa mkono mmoja, kiazi amekibana kwa magoti. Linah alipiga magoti kando yake. Mkono wa kulia ulikuwa umepinda juu ya kifundo. Ulikuwa umevunjika siku nyingi ukaanza kujiunga vibaya. Shingoni kulikuwa na alama mpya, nyekundu.

"Hii ya shingo ni ya lini, binti yangu?"

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Mkishaenda na Cheptuiya." Cheruto aliendelea kumenya. "Akiwa hapa, anko alikuwa anampiga mpaka anachoka. Halafu anaingia kulala. Jana hakukuwa na ng'ombe."

Alisema hivyo bila kulia, kama mtu anayeeleza kazi za nyumbani. Linah ndiye aliyelia. Alilia kwa hasira mpaka akauma ngumi yake. Alijikasirikia. Aliikasirikia chai ile aliyokunywa, bakora ile iliyopigwa chini, na pongezi zote za njiani. Kisha akafuta uso, kwa sababu mtoto alikuwa anamtazama.

"Nilikukosea," akamwambia. "Uliniambia na sikusikia. Leo unatoka hapa."

Kimeli alifika walipokuwa wanaingia kwenye gari. Jembe lilikuwa begani.

"Mnapeleka mtoto wangu wapi? Ni wangu, nalisha mimi! Mama Kipsang, umenichukulia ng'ombe, sasa unanichukulia na mtoto?"

Linah alifungua mdomo kumjibu, lakini afisa wa polisi akamtangulia. "Weka jembe chini. Sheria ya Watoto inakataza ulichofanya. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama pia inakataza. Utaeleza yote mawili kituoni."

Hospitalini, daktari alipiga picha ya mkono. Ilibidi uvunjwe tena, mtoto akiwa amelazwa usingizi, ili uunganishwe sawa. Chesang alifika kutoka Kamere akiwa bado na aproni ya kazi. Alilala sakafuni kando ya kitanda. Hakuna aliyemkemea. Nakhumicha alimtafutia nafasi ya kuhamia chumba chake peke yake na mtoto, na shule karibu na hapo. Mpaka hayo yalipokuwa tayari, Cheruto alikaa kwa familia iliyoidhinishwa na ofisi ya watoto. Sally alisaidiwa kwenda kwa dada zake, na alitoa ushahidi. Kimeli alishtakiwa kortini, kwa mtoto na kwa ng'ombe. Wazee wachache walijaribu kuomba kesi irudi nyumbani imalizwe kwa chai. Nakhumicha aliwaambia kwamba kuumiza mtoto si kesi ya kumalizwa nyumbani, na anayejaribu kuizima anaweza kujikuta mahakamani naye. Hawakurudi.

Kazi ilibadilika pia. Wangechi sasa, kila akimtibu mnyama aliyepigwa, huuliza nani anaishi pale, na akiona hatari humpigia Nakhumicha kabla hata hajawasha pikipiki. Nakhumicha naye, akiitwa kwa ajili ya mtoto, huangalia mbwa, punda na ng'ombe wa boma hiyo. Kila baada ya miezi mitatu, idadi zao zote mbili hubandikwa pamoja kwenye ukuta wa kituo cha maziwa, bila majina, kila mtu aone. Wahudumu wa afya wa kijiji walifunzwa jambo lile lile. Na watu walifunzwa namba 116, simu ya kuripoti mtoto anayeumizwa. Ni ya bure, usiku na mchana, na si lazima useme jina lako.

Mwaka ulipoisha, Wangechi alichora tena vijiji vile ardhini. Mahindi ya Kamaget yalikuwa yamepungua. Maharagwe yalikuwa yameongezeka.

Mzee wa kijiji aliinuka, amenuna.

"Si mnaona mlichofanya? Zamani Kamaget haikuwa na ripoti hata moja. Sasa tumekuwa wabaya kushinda Bondeni! Mmetuaibisha mbele ya watu!"

"Zimeongezeka kwa sababu watu wamefungua midomo, mzee," Nakhumicha akasema. "Hawa watoto walikuwako tangu zamani. Kila haragwe hapa ni mtoto ambaye sasa anajulikana, na kuna mtu anamfuatilia."

"Na sisi?" mzee akaendelea. "Sasa mtu hawezi hata kumpiga ng'ombe wake bila serikali kuja kuhesabu watoto?"

Watu walimgeukia Linah. Walijua atasema.

"Hawezi," Linah akasema. "Akimpiga, tutakuja. Hata wewe mzee, tutakuja kwako. Na tukija, hatuketi kunywa chai."

Kuna waliocheka, lakini hakukuwa na mzaha. Mzee alikaa chini.

Watu walipoanza kutawanyika, mwanamke mmoja asiyejulikana sana hapo, aliyeolewa Bondeni juzi juzi, alimfuata Linah mpaka kando ya ukuta. Aliangalia huku na huku kabla ya kusema.

"Mama, kuna jirani yangu anachoma punda kwa chuma moto. Kila siku namsikia punda akilia. Nimeogopa kusema. Watu wataniambia ni punda tu."

Linah aliweka mkebe wake chini. Alitoa simu mfukoni, na huku akiifungua, akamuuliza jambo la kwanza.

"Huko kuna watoto?"